Ukuta Wangu, Geti Langu, Karo Langu

Mtaani kwetu huku Moshono, Arusha, mkutano ukitangazwa kuwa ni wa takataka, anakuja mwenyekiti, wajumbe wake, na yule mzee asiyekosa mkutano wowote kwa sababu anataka asomewe muhtasari wa uliopita. Lakini Jumamosi ile, viti vya plastiki viliisha mapema, watu wakakalia ndoo na matofali. Mangi alifunga duka. Mangi huyo huyo ambaye hata siku ya msiba huuza kupitia dirishani.

Ni umbea uliowaleta. Mtu fulani, hajulikani nani, alisema kwamba kwa ajili ya AFCON 2027 barabara yetu inapanuliwa, inawekwa lami, na kila atakayeguswa analipwa fidia. Uwanja wenyewe, ule wa watu 30,000, uko Olmoti, na mgeni wa mpira akijikuta kwetu ujue dereva kamzungusha. Ila umbea hausomi ramani.

Mwenyekiti alifungua na gari la taka. Akakatishwa. Akajaribu taa. "Mwenyekiti, taa tutawasha wenyewe, njoo kwenye fidia!" Yule bwana kura zake anazijua tangu Novemba 2024, kwa hiyo hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba mtaalamu wa barabara yuko njiani, na wakati tunamsubiri si vibaya tukaorodhesha "mali zilizo kando ya barabara". Akatupa macho huku na huku, yakatua kwangu.

"Mwalimu, wewe una mwandiko. Njoo utuandikie."

Mimi si mwalimu. Ni mpangaji wa chumba na sebule, na navaa miwani. Kwa mtaa wetu hiyo inatosha.

Akaanza baba mwenye nyumba wangu. "Andika ukuta wa tofali, mita 20, na geti la chuma. Andika na kwamba umeingia barabarani mita mbili nzima, waone hasara ilivyo." Akafuata mzee wa kona, ambaye michongoma yake imetuchania nguo miaka yote huku akiapa kuwa imejiotea. "Nimeipanda kwa mkono wangu," alisema, "mche kwa mche." Mama Chipsi akataja kibanda, jiko na benchi. Mwingine akaleta mparachichi, akasisitiza niongeze "pamoja na matunda utakayozaa". Ndugu wawili nusura washikane mashati wakigombea banda la kuku lisilo na kuku.

Ila aliyenimaliza ni yule jamaa wa karo la choo. Kila masika watu humfuata na pua wameziba, naye huwajibu kuwa karo lake liko ndani ya kiwanja, tena wasimchafulie jina. Siku hiyo alisimama mbele ya umma, akakohoa kidogo, akatamka kwamba karo limo barabarani. Lote. Futi 12 kwenda chini.

Nikajaza kurasa. Chini kabisa, kwa agizo la mwenyekiti, nikaweka jina langu, sahihi na namba ya simu.

Mtaalamu alifika na pikipiki saa kumi na moja jioni. Akaeleza taratibu kwamba barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, si TANROADS wenye ile kubwa ya kwenda Moshi. Kwamba yetu itachongwa na greda, imwagwe moramu na kuchimbwa mtaro kabla ya masika. Lami hakuna. Fidia hakuna. Aliyeingia kwenye hifadhi ya barabara anaondoa mwenyewe kwa gharama zake, la sivyo anapigwa X nyekundu.

"Nasikia mmeshaorodhesha," akasema, na alifurahi kweli. "Mmenipunguzia kazi."

"Ile michongoma imejiotea!" mzee wa kona aliwahi. Mama Chipsi akasema kibanda alikikuta. Baba mwenye nyumba akasema ukuta uliachwa na aliyemuuzia kiwanja. Banda la kuku sasa kila ndugu akawa anampa mwenzake. Jamaa wa karo akauliza, "Karo gani?"

Kisha wote wakanijia mimi. "Mwalimu, nifute. Mwalimu, anza na mimi." Chalii mmoja wa bodaboda alinishika kabisa mkono wenye kalamu akawa ananiongoza. Nikakata majina mpaka safu yote ikawa nyeusi. Safu ya mali hakuna aliyeikumbuka, na kabla sijaifikia mtaalamu alishakunja karatasi, akazitia ndani ya koti na kuwasha pikipiki.

Barua ilikuja na muhuri. Kwa kuwa jina pekee lililosomeka lilikuwa langu, niliamriwa kuondoa ndani ya siku 14 kuta saba, geti la chuma, michongoma, kibanda cha chipsi, mparachichi mmoja pamoja na matunda utakayozaa, banda la kuku, na karo la futi 12. Mimi, ambaye vitu vyangu vyote vinaenea kwenye kirikuu moja na dereva anabaki na nafasi ya kubeba abiria.

Ofisini mtendaji aliisoma, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema wenye mali wajitokeze warekebishe. Hakujitokeza mtu. Mama Chipsi alianza kunihudumia kabla ya wenzangu, eti mwenye kibanda hapangi foleni. Jamaa wa karo akanigongea usiku, kwa adabu zote, kunijulisha kwamba karo langu limejaa, niite gari la majitaka.

Baba mwenye nyumba alipokuja kudai kodi, nikamwekea barua mezani. Nikamwambia ukuta ni wangu, geti ni langu, kwa hiyo tukate humo humo.

Akavaa miwani, akaisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Wamekupa siku 14," alisema. "Nyundo ipo stoo, nitakuazima. Sasa kodi iko wapi?"