Alama za Darasani Zikiingia Kwenye Mtihani wa Taifa

Mwanafunzi wa Kenya aliyemaliza gredi ya tisa mwaka 2025 hakupangiwa sekondari ya juu kwa mtihani mmoja. KJSEA, mtihani wa taifa wa mwisho wa gredi ya tisa, ilibeba asilimia 60 ya alama zake, KPSEA, tathmini ya taifa aliyoifanya gredi ya sita, ikabeba 20, na 20 zilizobaki zikatoka kwenye kazi alizopimwa na walimu wake gredi ya saba na ya nane. Wazazi waliokulia kwenye KCPE, mtihani wa siku chache wa kumaliza shule ya msingi uliotawala tangu 1985 hadi 2023, wanauliza kama hizo 20 za mwalimu zinaaminika.

Watanzania wameishi na swali hilo karibu miaka hamsini. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alilalamika kwamba mtihani hupima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yanapotakiwa, lakini si kila mara hufaulu kupima uwezo wa kufikiri, na haupimi kabisa tabia na moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la 1974, uamuzi wa chama tawala TANU kuhusu elimu, likayapa malalamiko hayo nguvu ya utekelezaji, na kuanzia 1976 nusu ya alama za mwisho za sekondari zikawa zinatoka shuleni. Tangu hapo fungu hilo limepunguzwa, lakini upimaji endelevu, yaani huo wa kukusanya alama shuleni mwaka mzima, haukufutwa.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Mtoto anaweza kuamka na malaria siku ya hesabu, na miaka minne ikaenda na maji. Tena yapo mambo ambayo karatasi ya saa tatu haiyaoni kabisa: kusoma kwa sauti, kujieleza mbele ya wenzake, kurudia jaribio la kemia lililogoma mpaka ajue lilikosewa wapi. Anayeyaona hayo ni mwalimu wa darasa.

Wanaoupinga wana neno moja: kupika, yaani kubuni alama. Mwalimu ana darasa la wanafunzi themanini, tarehe ya kutuma alama ni kesho, na mkuu wa shule hataki jina la shule liharibike. Alama zitapatikana tu. Wala si lazima pawe na hila. Uingereza, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona na walimu wakapewa kazi ya kutoa madaraja, daraja A na A*, yaani za juu kabisa, za A-level, mtihani wao wa kumaliza sekondari, zilifika asilimia 44.8 mwaka 2021, ilhali mwaka 2019 zilikuwa kama 25. Walimu wengi hapo hawakudanganya. Kila mmoja alimhurumia kidogo yule aliye mpakani, na huruma ndogo ndogo zikajumlika. Ongeza kwamba sabini ya shule moja ni hamsini ya shule jirani, na mzazi wa KCPE anaanza kuonekana ana haki.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishana juu ya uaminifu na kuliruka tatizo kubwa zaidi. Tangu 1967 Michael Scriven, mtaalamu wa tathmini, alitofautisha upimaji wa kurekebisha kazi ikiwa bado inaendelea na ule wa kuihukumu ikishakwisha. Mwaka 1988 mtafiti wa elimu Ruth Butler aliwapima wanafunzi katika makundi matatu: waliopewa alama tu, waliopewa maoni tu, na waliopewa vyote viwili. Waliopata maoni tu ndio waliosonga mbele. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwazidi wa alama tu. Mtoto alitazama namba, akaridhika au akanuna, na yale maandishi ya wino mwekundu yakapita bure.

Basi jaribio la Ijumaa likishakuwa na uzito kwenye cheti, mwanafunzi anajifunza kuficha asichokijua. Ataangalizia, atanyamaza, atakariri. Mwalimu naye anapoteza dirisha pekee la kujua wapi somo halikueleweka. Kenya ilijaribu kulikwepa hili kwa ngazi za maneno, kutoka kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, lakini ngazi ikishageuzwa asilimia ya kumpangia mtoto shule, imerudi kuwa namba ileile.

Ningegawa. Kazi mradi na vitendo vichache vihesabiwe, visahihishwe kwa mwongozo mmoja, na sampuli yake ipitiwe na mwalimu wa shule nyingine. Majaribio ya kila wiki yasitoke darasani hata siku moja. Pingamizi zito ni la walimu wenyewe: kisichohesabiwa, wanafunzi hawakifanyi. Ni kweli, na muhula wa kwanza madaftari yatarudi matupu. Ila mazoea hayo tumeyajenga sisi, kwa kuwazoesha watoto kwamba kazi isiyo na alama haina maana.

Kenya inaweza kuanza bila gharama mpya. Kazi za kupimia tayari zinatoka KNEC, baraza la mitihani la Kenya, shule zinapakua, zinachapa kwa pesa zao, kisha zinahangaika na mtandao kupakia alama. Kazi zikipunguzwa idadi, muda unaookolewa hapo unatosha kabisa kusimamia hizo chache ipasavyo.