Kafyu ilirudisha baba nyumbani, lakini morali ilienda wapi?

Shemeji yangu ana maneno yake, tukikutana tu ushago lazima ayatoe, ati korona ilileta shida nyingi lakini angalau ilitufundisha kukaa na familia. Anayasema akiwa ameshiba, ameegemea ukuta. Wifi yangu, dadake huyo huyo, anamjibu palepale kwamba kama kuna mwaka alitamani kutoroka nyumba yake ni 2020. Basi hapo mabishano yanaanza, mzee anaambiwa aamue, mzee anajifanya hasikii. Nimewasikiliza miaka yote hii na naona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, ila kuna kitu wote wawili wanakiruka.

Nianze na shemeji maana hasemi uongo. Kafyu ilianza Ijumaa Machi 27, 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sasa wewe niambie ni mwanamume gani wa Nairobi alikuwa nyumbani saa moja jioni kabla ya hapo, kuna jam, kuna kungoja matatu, halafu kuna ile ya "napitia mahali kidogo". Bwanangu alikuwa wetaa hoteli moja tao, anatoka watoto wamelala anarudi watoto wamelala, na msichana wetu wa miaka mitatu alikuwa anamuogopa, akimbeba analia kama amebebwa na kondakta. Hoteli ikawatuma nyumbani bila mshahara, na kufika wiki ya tatu ya kafyu yule mtoto hakubali kulala mpaka baba amsimulie hadithi ya fisi, ileile kila siku, na akibadilisha hata neno moja anarekebishwa. Hiyo ni kitu mshahara haukuwahi kutuletea na siwezi kuikana.

Lakini wifi naye anaishi wapi? Chumba kimoja na pazia katikati, watu sita, maji ya foleni. Ukisema "familia kukaa pamoja" kwa mtu kama huyo ni kama unamchezea, kwani walikuwa wanakaa mbalimbali lini. Kilichopungua pale ni nafasi ya kupumua, na kuna nyumba ilikuwa mbaya zaidi. Mwanzo wa Aprili Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alieleza kwamba kesi za makosa ya kingono zimepanda sana sehemu nyingi za nchi, na kwamba nyingine wanaoshukiwa ni jamaa wa karibu au watu wanaoishi na mwathiriwa. Kuna watoto walifungiwa ndani na hatari yenyewe. Hapo hadithi ya shemeji inabidi inyamaze.

Sasa morali. Watu husema tulikuwa wavivu, tulizoea kulala. Mimi naona tulimalizwa na tarehe. Aprili 6 tuliambiwa hakuna kutoka wala kuingia Nairobi kwa siku 21. Sawa, siku 21 mtu anafunga mkanda. Aprili 25 zikaongezwa 21, Mei 16 zikaongezwa tena, Juni 6 ikawa 30. Ukimwambia mtu abebe mzigo mpaka pale kwenye mti atabeba, lakini ukiendelea kuusogeza mti anaweka mzigo chini anaukalia. Bwanangu wiki za kwanza aliamka saa kumi na moja kama kawaida, anapiga viatu vyake vyeusi rangi, anaviweka mlangoni, anakaa anangoja simu ya meneja. Mwezi wa tano anavipiga rangi siku mojamoja. Mwezi wa sita nikavikuta chini ya kitanda, vumbi imeota juu, na sikusema kitu.

Kijana wetu alikuwa darasa la saba. Shule zilifungwa katikati ya Machi na mwanzoni alijitahidi, akasikiliza masomo ya redioni KBC na kuandika, tukipata bando anasoma kwa simu yangu, ingawa simu hiyo hiyo ndiyo wateja wangu wa kushona wanapigia. Halafu Julai 7 waziri wa elimu, Profesa Magoha, akatangaza kwamba shule za msingi na sekondari hazitafunguliwa mpaka Januari 2021, mwaka umepotea, kila mtu atarudia darasa lake. Kijana akafunga kitabu cha hesabu akakiweka juu ya kabati, na kilikaa hapo hapo. Kilichomuuma zaidi ni binamu zake wa Arusha, kwa sababu Tanzania shule zilikuwa zimefunguliwa Juni 29, wakiongea kwa simu wanamwambia wana mtihani na yeye anasema network mbaya anakata. Nani atamwambia mtoto wa miaka 13 asome, asome aende wapi?

Sasa kile wanachokiruka. Shemeji anasifu meza iliyojaa, wifi analalamika chumba kilichojaa, na wote wanaongea kuhusu kukata tamaa kama ni mvua iliyonyeshea watu wote sawasawa, na haikuwa hivyo. Kukata tamaa kunahitaji nafasi, unahitaji mtu mwingine awe anapika. Bwanangu aliweza kulala mpaka saa nne akiangalia ukuta kwa sababu kuna mtu alishawasha jiko, ameshachota maji, ameshaambia landilodi angoje mpaka Ijumaa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nashona nguo, na Aprili watu walianza kununua barakoa za kitenge kwa sababu wakati huo bila barakoa faini ilikuwa mpaka shilingi 20,000, kwa hivyo cherehani ililia usiku na mchana kando ya kitanda na watoto wakalala na ile sauti. Kusema haki bwanangu alijifunza kukata lastiki, alikata vizuri kuliko mimi, alikuwa anazipanga kwa mafungu ya kumi kumi kama vijiko vya hoteli. Lakini akichoka anaacha. Mimi nikichoka hakuna kula.

Simlaumu, najua mwanamume aliyezoea kutoka akikosa pa kwenda anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, nilimuona kwa macho. Nasema tu kwamba tukihesabu nani lokdauni ilimvunja, tunahesabu waliolala na kusahau waliobaki wima.

Oktoba 12 darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi, kijana wetu akasimama dirishani akiangalia wa jirani akienda. Zamu yake ilifika Jumatatu Januari 4, 2021. Suruali ilikuwa imepanda juu ya kifundo cha mguu, nilikuwa nimeachilia pindo usiku lakini kitambaa kiliisha. Babake, aliyekuwa ameshapata kibarua cha mjengo, aliamka mapema akampiga viatu rangi, ile ya kung'aa ya kiwetaa, msichana naye akaingia nasari, wakatoka wote watatu mara moja. Kulikuwa na oda ya sare kumi na mbili juu ya cherehani. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani, nikalala na viatu mpaka saa nane mchana, na kesho yake tena, na ile ya tatu pia.