Kuchunguza wizi wa kalamu: ajira ipo, ulinzi je?

Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zenye udhaifu wa kudhibiti fedha haramu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha hizo. Ilitoka Juni 2025. Kenya nayo iliingizwa Februari 2024. Nchi ikishaingia humo, benki lazima zionyeshe kwamba zinawajua wateja wao na zinaripoti miamala ya shaka, na kazi hiyo inataka watu. Kwa hiyo mhitimu wa uhasibu au sheria anayeuliza kama uchunguzi wa uhalifu wa kifedha, huo wizi wa kalamu, una ajira, jibu langu ni ndiyo. Ila ajira nyingi ziko benki, kwenye kampuni za simu na za ukaguzi. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa Tanzania, na polisi huchukua wachache.

Kazi yenyewe ni ya subira. Tuseme ankara ya mzabuni inasema mifuko 600 ya saruji, leja ya stoo inaonyesha 200, na benki imelipa zote. Hapo unaanza kufuatilia: nani alisaini kupokea mzigo, kampuni ilisajiliwa lini, pesa ilihamia akaunti ya nani. Katika wizi wa 2005/06 kwenye EPA, akaunti ya malimbikizo ya madeni ya nje, shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu ya Tanzania kwenda kwa makampuni 22, na nyaraka za kughushi zilihusika. Mtu anayejua kusoma nyaraka ana thamani kubwa.

Upande wa pili unaniuma. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Alitoa nyaraka zilizofichua malipo kwa kampuni ya Goldenberg, ya dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje. Mwaka 1993 alikamatwa, akapoteza kazi, na 2006 akafa maskini. Tanzania ina sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi tangu 2015, na ni hatua ya kweli, lakini sheria haimlipii mtu kodi ya nyumba akishafukuzwa.

Hata hivyo nisingemzuia kijana. Apate CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, kwanza, asome sheria ya ushahidi, maana ripoti nzuri yenye vielelezo vilivyopatikana kiholela huanguka mahakamani. Na kwenye usaili aulize bila woga: ripoti yangu ikimtaja mkurugenzi, itapokelewa na nani? Kama jibu ni mkurugenzi huyohuyo, atafute kwingine.