Mahali Salama Ni Wapi, Jameni?

Mvua ikishika tu Bonde la Kerio, Kenya, tangazo ni lile lile: wakazi wa miteremkoni wahamie mahali salama. Wapi? Mita ngapi kutoka wapi? Tangazo la hivyo humfaa aliyelitoa tu, aje aseme kesho kwamba alionya.

Jiwe haliendi ovyo. Likibanduka kwenye mwamba wima huanguka, likigonga mteremko hudundadunda, mteremko ukilala hubiringika, kisha husimama. Litakaposimama panakadirika, na chombo kimo kwenye mkebe wa hisabati wa mtoto. Chukua kipimapembe, funga uzi katikati ya ule upande ulionyooka, ning'iniza kijiwe. Simama mlangoni, elekeza upande huo mahali ambapo mwamba unakutana na lundo la mawe ya zamani. Usilenge kileleni, ni hapo chini ya mwamba. Upande huo ukilala usawa, uzi hukaa 90. Ukilenga hapo, uzi ukihama digrii 28 au zaidi kutoka 90, nyumba imo ndani ya njia ya mawe. Huna kipimapembe? Sehemu hiyo ikiwa mita 40 juu ya mlango wako, nyumba isiwe karibu kuliko mita 80, na mita hizo upime kwa usawa, si kwa kufuata mteremko. Jiwe moja moja hupita hapo, sikatai, lakini mengi huwa yameshasimama.

Na msiniambie kwamba ukuta wa mawe na saruji utalizuia. Jiwe la mita 1 kila upande lina uzito wa tani 2.6 hivi. Likianguka mita 50 bila kugusa kitu, linafika chini kwa zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Halafu mtu anaweka kibanda cha maembe chini ya mwamba uliochongwa na tinga juzi, bila hata mtaro wa kunasa mawe, eti pana kivuli!

Haya, nikubali: hesabu hii ni ya mawe tu. Tope lina mambo yake. West Pokot, Novemba 2019, zaidi ya watu 40 walikufa. Chesongoch, humu humu Bonde la Kerio, usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025, zaidi ya 20. Tope hufuata korongo na kubeba majabali mbali sana, kwa hiyo aliyejenga mdomoni mwa korongo asijifariji kwa kipimapembe.

Huko juu ukiona ufa mpya ardhini, piga kigingi kimoja upande wake wa juu na kingine upande wake wa chini, upime kamba kati yao kila asubuhi. Mvua ikikatika usiache kupima, maana maji yangali yanapenya. Umbali ukiongezeka, toka siku hiyo hiyo, wewe na walio chini yako, tena mtoke kwa kukata kando. Msishuke na korongo.