Kamba wa Dakika 20

Mtu akikwambia chakula fulani ni cha dakika 20, muulize kwanza saa inaanza kuhesabiwa wapi. Kwenye video niliyoitazama mimi, ilianza wakati saumu imeshamenywa, tangawizi imeshakatwa vijiti, na kila kitu kimepangwa kwenye vibakuli vya kioo ambavyo bila shaka kulikuwa na mtu mwingine wa kuviosha. Ukianzia hapo, hata biriani ni ya dakika 20.

Nayasema haya mapema kwa sababu shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, amekuwa akikisimulia kisa hiki katika kila harusi ya Waswahili hapa Lowell, Massachusetts, na anakisimulia vibaya. Yeye huanzia kwa wazimamoto. Wazimamoto walikuja mwishoni kabisa.

Kisa kinaanzia kwenye bohari ninakofanya kazi. Kuna mwenzangu mmoja ambaye chakula chake cha Ijumaa ni cha Kichina, kwenye kile kisanduku cheupe cha karatasi chenye mkono wa waya. (Visanduku hivyo asili yake ni Chicago, hati yake ya ubunifu ilitolewa mwaka 1894, na vilikusudiwa kubebea chaza. Mchina hakuhusika.) Ndani mna kamba wanene, wameogelea kwenye rojo la rangi ya kahawia lenye saumu, tangawizi na nyuzinyuzi za yai. Harufu ile ikipita mezani kwangu, mkate wangu wa mayai naona haya hata kuufungua. Chakula chenyewe kinaitwa kamba kwa rojo la kamba kochi, yule mkubwa ambaye Waingereza humwita lobster. Na humo mna nyama ya nguruwe ya kusaga. Basi mimi kila Ijumaa nakula kwa pua, nanyanyuka, nasema alhamdulillahi.

Nikaamua: nitakipika nyumbani, mahali pa nguruwe nitie kuku. Mke wangu alikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunizuia. Alikuwepo mama mkwe tu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa.

Mimi na mama mkwe tunaheshimiana sana. Yeye hawezi kuniambia kwamba naharibu, na mimi siwezi kumwambia atoke jikoni. Watu wawili wa namna hii hawafai kuwekwa karibu na moto.

"Unapika nini, mwanangu?"

"Kamba, mama. Kwa rojo la kamba kochi."

Mama akatazama kwenye sinki. Akatazama kwenye friji. Akainama akatazama hata chini ya meza.

"Kamba kochi yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba hayupo. Wakanton, Wachina wa kusini, ndio waliokuwa na namna yao ya kumpika kamba kochi, kwa tangawizi, saumu, nyama ya kusaga na yai, na walipohamia Marekani rojo lile lile wakalimwagia kamba wa kawaida, ambao ni rahisi zaidi. Jina likabaki. Nikaongeza kwamba sehemu nyingine za Marekani rojo hilo huwa jeupe, lakini huku kwetu New England, kaskazini mashariki, hulifanya la kahawia, wengine hutia hata molasi ya miwa. Mama alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "ni mchuzi wa mtu ambaye hakuja."

Kisha akawaona kamba wenyewe. Nilikuwa nimenunua wa barafu, waliokwisha kumenywa, kwenye mfuko ulioandikwa 21/25, yaani kwenye ratili moja huingia kamba 21 hadi 25. Hao ni wakubwa, na mfuko wenyewe ulisema ni wakubwa. Mama alimshika mmoja kwa ncha za vidole.

"Na vichwa?"

"Huku wanauzwa hivyo hivyo, mama."

"Kamba utamu wake uko kichwani. Hawa wamebaki kiwiliwili tu." Akamrudisha bakulini taratibu. "Lakini mimi sisemi kitu."

Mama anaposema hasemi kitu, jiandae.

Nikaingia kazini. Kamba nikawatia chumvi na robo kijiko cha magadi ya kuokea, ndiyo siri ya mikahawa ya Kichina: kamba hubaki anakatika kwa kishindo mdomoni. Mama alipoiona ile magadi akauliza kwani hawa ni maharage. Nikawapaka ute wa yai na wanga wa mahindi. Mama akauliza kama wana vidonda. Nikakata saumu, nikakata tangawizi, nikakata vitunguu vya majani, na kwenye kikombe nikaloweka kitu muhimu kuliko vyote: maharage madogo meusi ya soya, yaliyochachushwa kwa chumvi, ambayo nilisafiri hadi Chinatown ya Boston kuyatafuta. Hayo ndiyo roho ya lile rojo.

Dakika 20 zilikuwa zimekwisha zamani. Maghribi iliingia, nikaenda kuswali.

Niliporudi kikombe kilikuwa kimeoshwa, kimepinduliwa kwenye kitambaa.

"Mama, kulikuwa na kitu humu."

Mama akanisogelea, akashusha sauti. "Mwanangu, nilitaka tuzungumze. Kile kikombe cha mavi ya mbuzi nimekimwaga. Sijui nani kakuwekea, lakini nimekisomea kabla sijakimwaga, usiogope. Hapa kwenu, kuna mtu unayemshuku?"

Ningesema nini? Niwaambie, mliooa, ningesema nini? Nilisema ahsante mama.

Hapo ndipo shemeji alipowasili, akavua viatu, akachungulia jikoni, akakaa kochini na simu yake. Kumbukeni hiyo simu.

Sasa karai. Mama mkwe alikuwa ameleta karai kutoka Mombasa, karai la haki, la viazi karai, kitako chake mviringo, limesafiri ndani ya sanduku likiwa limezungushiwa kanga mbili. Mimi nilitaka kutumia kikaango changu bapa. Mama akauliza, kwa upole, kwani Mchina anapikia nini kama si karai. Na kweli, ukiangalia, anapikia karai. Lakini kwenye mkahawa karai la Mchina hukaa ndani ya tundu la jiko, na chini yake gesi inavuma kwa moto ambao ni mara kumi au zaidi ya ule wa jiko la nyumbani, unalilamba karai mpaka mbavuni. Jiko langu mimi ni la stima, uso wake kioo bapa. Karai likakaa juu yake kwa kijisehemu kidogo kama sarafu ya shilingi ishirini, likawa linayumba kushoto na kulia, linatafuta kibla.

Sisemi kosa ni la karai. Lakini nauliza tu kama karai hilo halingeweza kubaki Mombasa.

Nikatia mafuta. Nikafungulia stima hadi mwisho, kwa sababu video ilisema moto uwe mkali kuliko unavyodhani. Kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Mafuta yametulia, kimya. Nikasema basi, hili jiko ni bovu, nikageuka kutafuta sosi ya soya. Kumbe katikati pale, penye ile sarafu, mafuta yalikuwa yamekwisha kukasirika. Nilipogeuka moshi wa bluu ulikuwa umesimama wima juu ya karai, na mimi, kwa mujibu wa video, nikajua huo ndio wakati wa kuwatia kamba. Nikawatia wote kwa mara moja.

Kamba wale walikuwa bado na barafu tumboni.

Sitaeleza mlio uliotoka. Mafuta yaliruka mpaka kwenye kalenda ya msikiti. Karai likainamia upande mmoja, mafuta yakamwagika kwenye kioo chekundu cha jiko, na moshi uliopanda hapo haukuwa wa bluu tena, ulikuwa mweusi, mzito, wenye nia. King'ora cha moshi kikaanza kulia sebuleni. Kisha cha chumbani. Nyumba yetu ni zile za mbao za ghorofa tatu, familia moja juu ya nyingine, za zamani sana, zimejaa hapa Massachusetts, na ving'ora vyake vimeunganishwa. Kilicholia kwangu kikamlilia bibi wa Kikambodia anayekaa chini, kikawalilia wanafunzi wanaokaa juu.

Shemeji alivuta kanga ya mama kwenye kiti, akapanda juu ya meza, akawa anakipepea king'ora kwa nguvu zake zote. Kanga ilikuwa imeandikwa MWENYE KELELE HANA NENO. Niliisoma mara nyingi sana, inakwenda inarudi, inakwenda inarudi.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alizima jiko, akachukua kifuniko cha sufuria ya wali, akakilaza juu ya karai, akajifunga mtandio, akanyanyua sufuria ya wali na kutoka nayo nje. "Wali hauna hatia," akasema mlangoni.

Nje ilikuwa baridi ya Februari, theluji imegeuka mawe. Tulikuwa tumesimama uani sote: mimi na aproni, shemeji na soksi, mama na sufuria, wanafunzi wamejifunga mablanketi, mmoja wao akiwa ameshapiga simu 911, Mungu amsamehe. Bibi wa Kikambodia alinusa hewa, akanitazama, akaonyesha kwa mikono umbo la karai, kisha akatikisa kichwa. Akamtazama mama. Mama naye akatikisa kichwa. Hawana hata neno moja la lugha wanalochangia, lakini pale walielewana kuhusu mimi kwa kina ambacho mimi na mke wangu hatujakifikia.

Gari la zimamoto likaja, taa zinazunguka, mtaa mzima umetoka kwenye vibaraza. Wakapanda na mabuti yao, wakafungua madirisha yote, wakaweka feni kubwa mlangoni kufukuza moshi. Moto hakuna, wakasema, ni moshi tu. Baadaye mmoja wao, jitu la futi sita na ushee, akashuka na karai langu mkononi ili nione mwenyewe. Akaniuliza, bila ukali, lilikuwa jambo gani.

Nikamwambia ni kamba kwa rojo la kamba kochi.

Akawasha tochi yake. Akamulika ndani ya karai, upande huu, upande ule. Akauliza kitu.

"Anasemaje?" mama akataka kujua.

"Anauliza kamba kochi yuko wapi."

"Mwambie na mimi niliuliza."

Na hapo, katikati ya mipira na mabuti, kijana mmoja mwenye kofia ya sufu akapenya na mfuko wa plastiki, akasimama mbele ya lile gari jekundu akisoma risiti kwa mwanga wake. Alikuwa anatafuta mtu wa ghorofa ya pili. Ndani ya mfuko: kamba na brokoli, wali mweupe, na vile vibiskuti vyenye karatasi ndani. Shemeji alinyosha mkono akapokea kana kwamba ni barua yake kutoka nyumbani.

Nikaichukua ile risiti. Saa ya kuagiza ilikuwa imechapwa juu yake. Saa hiyo mafuta yalikuwa bado yametulia, kimya. Kamba walikuwa bado bakulini, wazima, na ute wao wa yai.

"Shemeji," nikamwambia, "hukuniamini?"

"Nilikuamini, shemeji. Nililiona karai linacheza." Halafu akaongeza haraka, kunifariji: "Nimewaambia wapike kwenye karai safi, wasichanganye na nguruwe."

Sikujua, miaka yote hii, kwamba unaweza tu kuwaambia.

Tulikula jikoni, madirisha wazi, tumevaa makoti. Wali ulikuwa wa mama. Na kamba walikuwa wazuri, lazima niseme ukweli, wanakatika kwa kishindo, rojo linang'aa. Mama alikula sahani mbili. Alipomaliza akafuta mdomo, akasema hawa nao hawana vichwa, akachukua simu akaenda kukaa chumbani kwake.

Ilikuwa saa tatu usiku. Mombasa ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, watu wanaamka kuswali, yaani hakuna wakati mwingine ambapo ukoo mzima uko macho na hauna la kufanya. Nilimsikia kupitia ukutani akirekodi ujumbe kwenye kundi la familia, kwa ile sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inafika mbali: "Msiwe na wasiwasi, sote wazima. Mkwe wangu mzima, nyumba nzima. Kamba tu ndio wamekufa mara ya pili."

Mimi nilikuwa nimeamua kumweleza mke wangu mwenyewe, polepole, akisharudi na kuvua viatu. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Lakini shangazi yake yuko Kisauni, naye huamka mapema kuliko wote. Alimpigia kazini kumpa pole.