Ovataimu ya Bongo ni nono kuliko ya Uingereza (kwenye karatasi)

Kila nikipiga simu nyumbani kutoka huku Uingereza kuna atakayeuliza: eti huko ukizidisha saa wanakulipa mara mbili? Hapana. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mwajiri kuongeza chochote juu ya saa za ziada. Inachotaka ni kwamba malipo yako yakigawanywa kwa saa zote ulizofanya, wastani usishuke chini ya kima cha chini. Ukisikia mtu kalipwa saa na nusu, ujue ni mkataba wake ulivyo, au kampuni imekosa watu wa kujaza zamu za Krismasi.

Sasa chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Kikomo ni siku 6 kwa wiki, saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki. Ukivuka hapo ni kwa makubaliano, na malipo yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ukifanya kazi sikukuu, mara mbili. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi unaongezewa angalau asilimia 5. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4. Kwa maandishi, Mwingereza tumemfunga, tena kwake. Ndiyo maana wabeba boksi wenzangu wakianza ule wimbo wa "Bongo hakuna sheria" huwa nawakatisha.

Huku tunakosifia, kikomo ni saa 48 kwa wiki, kwa wastani wa wiki 17, tangu kanuni za mwaka 1998. Ila kina mlango wa uani. Ukianza kazi unapewa rundo la fomu: ya benki, ya sare, ya ndugu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea, na katikati yake imo karatasi ya kukubali kuvuka saa 48. Wapo wanaosaini bila kusoma. Wengine wanasoma vizuri kabisa na kusaini hivyohivyo, maana ada ya shule Morogoro haisubiri. Kisheria unaweza kubadili mawazo kwa notisi ya siku 7, ingawa mkataba unaweza kuirefusha hadi miezi 3, na mwajiri haruhusiwi kukuadhibu. Lakini mtu aliyeletwa kwa viza iliyofungwa kwa mwajiri mmoja, ambaye akiachishwa kwa kawaida ana siku 60 tu za kupata mwingine, atabadili mawazo kwa ubavu gani? Na tusisahau wanaolala nyumbani kwa wazee wanaowahudumia. Machi 2021 Mahakama ya Juu iliamua kuwa saa za kulala hapo, kama hujaamshwa kufanya kazi, hazihesabiwi kwenye kima cha chini. Umelala kitanda cha watu, mbali na wanao, sikio likiwa kwenye kengele, na kisheria hapo hukuwa kazini.

Basi kwa nini huku nalipwa nilichofanya? Ni ile slipu ya mshahara. Tangu Aprili 2019, ukilipwa kwa saa, slipu lazima ionyeshe idadi ya saa. Naikunja pembeni ya kalenda yangu ya zamu na kulinganisha mstari kwa mstari: za mchana, za usiku, za Jumapili. Ikipungua zamu moja, namwekea meneja kidole juu yake, na malipo yanarekebishwa mwezi unaofuata. Hakuna anayenionea huruma hapo. Namba zinabishana zenyewe.

Mdogo wangu ni mlinzi Dar es Salaam. Anaingia lindoni saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 72. Getini kuna kitabu cha OB, yaani cha matukio ya lindo, na kila akiingia anaandika jina, saa, rungu, tochi na redio alivyovikuta. Kwa hiyo saa zake zimeandikwa, tena kwa mkono wake! Zinachoshindwa ni kutoka kwenye OB kwenda kwenye mshahara. Huko zinakuta neno "mwezi" na kiasi kilekile, awe amekesha au la.

Nilimpigia hesabu. Saa 72 ukitoa 45 zinabaki 27. Zidisha kwa moja na nusu, unapata malipo ya saa 40 na nusu. Yaani ovataimu anayoikosa ni asilimia 90 ya mshahara wake wa msingi. Kama analipwa laki tatu, anaacha getini takriban laki mbili na sabini kila mwezi, na hapo sijagusa asilimia 5 ya usiku. Utaniambia toa saa ya chakula. Sheria inasema kama kazi haiachiki na unatakiwa uwepo, mapumziko hayo yanalipwa. Na mlinzi wa peke yake getini hana wa kumwachia. Halafu saa 27 kwa wiki ni 108 katika wiki 4, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Hata zingelipwa zote, bado ni kosa.

Kuna maofisa rasilimali watu wanaotaja kifungu kinachoruhusu saa 12 kwa siku bila ovataimu. Kipo. Kinataka makubaliano ya maandishi, siku zisizozidi 5 kwa wiki, na saa za kawaida zibaki 45.

Chanzo kiko kwenye bei ya lindo. Wiki ina saa 168. Gawanya kwa 45, geti moja linataka karibu walinzi 4. Mteja analipia wawili na anamsifu mwenye kampuni kwa bei nzuri. Mlinzi anayetaka kudai ana siku 60 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwenye kidaftari chake mwenyewe, au picha za kurasa za OB, anakwenda na kitu mkononi.

Na wateja hao ni akina nani? Sisi pia tumo. Nawajua watu wanaolalamikia zile saa 48 wakiwa Coventry, na saiti zao Kigamboni zina mlinzi mmoja, usiku na mchana, Jumapili hadi Jumapili, analala juu ya mifuko ya saruji. Hana mkataba wala siku ya ofu. Wakimtumia hela ya sikukuu wanaiita zawadi, wakati kama alilinda siku hiyo ya Idd, sheria inasema ni malipo mara mbili.