Theluthi ya alama na sayansi iliyofungiwa maabara

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka na ufaulu wa fizikia na kemia ukaonekana kusuasua, mjadala huishia kwenye maabara. Shule hii haina kabisa, ile ina jengo lisilo na maji, nyingine ina vifaa lakini haina fundi sanifu wa kuvitunza. Yote hayo ni kweli. Ila katika mjadala huo mwalimu anayewatoa wanafunzi darasani akawapeleka kwenye dimbwi, kichakani au ufukweni huonekana kama mtu anayepoteza kipindi. Wazazi huuliza kwa nini madaftari hayana notisi, na mwalimu wa taaluma huuliza silabasi itaisha lini. Maswali hayo yana uzito na nitayafikia. Kwanza nataka tuiangalie hesabu moja ambayo kila mwalimu wa sayansi anaijua, lakini hatujaijadili ipasavyo.

Kwa fizikia, kemia na baiolojia, mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne hapa Tanzania una karatasi ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50. Yaani theluthi ya alama zote. Wenzetu wa Kenya, katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wana karatasi mbili za alama 80 kila moja na ya vitendo ya alama 40, sawa na moja ya tano. Ukiishia hapo utasema sisi ndio tunaothamini vitendo zaidi. Nia ilikuwa njema, maana alama za vitendo zikiwa chache shule huviacha. Wanaokumbuka mtihani mbadala wa vitendo, uliowekwa kwa ajili ya shule zisizo na maabara, wanajua ubaya wake: mtahiniwa alieleza kwa kalamu jaribio ambalo mikono yake haikuwahi kulifanya.

Sasa theluthi hiyo imezaa nini? Mtihani wa vitendo una sura inayotabirika. Kwenye kemia kuna maswali mawili ya alama 25, na moja karibu kila mara ni la kupima mkolezo wa tindikali au besi kwa bureti na pipeti. Kwenye fizikia zitakuja springi, timazi, kioo au saketi. Shule hutumiwa mapema orodha ya vifaa na kemikali za kuandaa, na mwalimu mzoefu akiisoma anakisia swali. Kwa hiyo, moko ikikaribia na kambi za kitaaluma zikianza, wanafunzi hurudia jaribio lilelile hadi mikono inazoea. Hilo peke yake si baya, kwa sababu fundi yeyote hujifunza kwa kurudia.

Ubaya uko kwenye kile kinachoandikwa. Mwanafunzi anajua grafu ya springi lazima iwe mstari ulionyooka. Nukta moja ikikaa kando, hairudii kipimo wala haulizi kama springi imevutwa kupita kiasi. Anairekebisha namba. Kwenye kutambua chumvi, jedwali la jaribio, kilichoonekana na hitimisho analo kichwani tangu kwenye kitini. Akishaotea chumvi yenyewe, anaandika kwamba mashapo meupe yameonekana, hata kama kwenye neli hakuna kitu. Wanafunzi wenyewe wana jina la mchezo huu, wanauita kupika data. Msahihishaji ana jibu lake mkononi, na namba iliyopikwa vizuri hupata alama kuliko namba ya kweli iliyopatikana kwa springi iliyochoka.

Hapa ndipo hofu yangu ilipo, nami naomba msomaji aitazame kwa uzito wake. Theluthi ya alama iliyowekwa ili kumfundisha kijana kuangalia imegeuka mahali pa kwanza maishani mwake anapofundishwa kuandika asichokiona, na anakifanya kwa bidii ili afaulu. Kijana huyo kesho ndiye fundi wa maabara ya hospitali anayesoma kipimo cha malaria, au mkaguzi wa maji kwenye mamlaka ya mji. Tukiulizana kwa nini takwimu zetu haziaminiki, tusisahau zoezi la springi.

Tuna mfano wa kinyume chake, tena wa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba huko Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa pamoja na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaingiza kwenye friji. Kwa kuhofia kukosa nafasi, yeye aliyaingiza yangali ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alipoulizwa alimwambia amejichanganya. Baadaye akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba wala si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likaugeuza utani. Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi, akaingia akajaribu mwenyewe kwa maji. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipokuja kuzungumza shuleni, Mpemba alimuuliza swali lake huku wenzake wakicheka. Osborne aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja.

Watetezi wa vitendo hupenda kisa hiki, na mara nyingi hukisimulia nusu. Wanaotetea nadharia nao wana haki ya kukidai. Mpemba alilirudia swali lake Mkwawa baada ya darasa kuanza kusoma kanuni ya Newton ya upoaji. Kanuni hiyo ndiyo iliyomwonyesha kwamba alichokiona hakikutakiwa kutokea. Bila hiyo, aiskrimu ingebaki habari ya jikoni. Vilevile jambo lenyewe bado lina ubishi: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti unaohoji kama tofauti hiyo ipo kweli, wakaonyesha kuwa hata kina kinapowekwa kipimajoto ndani ya maji kinaweza kubadili jibu. Halimpunguzii Mpemba chochote. Aliandika alichokiona, akakubali kuchekwa, na swali lake bado linapimwa zaidi ya nusu karne baadaye. Kijana wetu wa leo, aliyenolewa kwa jedwali la mtihani, angeandika kwamba maziwa ya baridi ndiyo yaliyotangulia kuganda.

Nije kwa wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ni idadi. Kipindi ni dakika 40 na darasa linaweza kuwa na wanafunzi 70 au 80. Kutoka nje na kurudi kunakula robo ya muda. Ya pili ni usalama: dimbwi lina kichocho, kichaka kina nyoka, na mtoto akiumia atakayeulizwa ni mwalimu. Ya tatu ni gharama, na hapa Kenya imetupa somo. Mtaala wa umilisi, unaosisitiza kutenda, ulipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, wazazi wengi walilalamika kwamba kila jioni wanatumwa kutafuta vifaa vya shughuli za darasani, na mwenye kipato kidogo ndiye aliyeumia. Shughuli inayohitaji mzazi anunue kitu inawatenga watoto kimyakimya, na anayezitetea bila kulisema hilo hajakaa na mama anayehesabu nauli.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2008 Ian Abrahams na Robin Millar walichapisha uchunguzi wa vipindi 25 vya sayansi ya vitendo katika sekondari za Uingereza, nchi yenye maabara, vifaa na mafundi. Walikuta kwamba vitendo vilifanikiwa sana kuwafanya wanafunzi watende walichoelekezwa, lakini vilifanikiwa kidogo mno kuwafanya wayatumie mawazo ya kisayansi yaliyokusudiwa. Mikono ilikuwa na kazi, fikra zikabaki nyuma. Ukiongeza maonyo ya wanasaikolojia wa elimu kwamba mwanafunzi anayeanza, akiachwa agundue bila mwongozo, huelemewa, unaelewa kwa nini mwalimu makini anaamua kusimama ubaoni na kueleza vizuri.

Mimi nausoma utafiti huo tofauti na wanaoutumia kuzima vitendo. Wanafunzi wale wa Uingereza walipewa hatua za kufuata na jibu la kufikia, kama wetu. Kilichokosekana ni muda wa kuzungumza juu ya walichokiona. Basi dosari ni aina ya zoezi tunalolichagua, na kubaki ubaoni hakuiondoi dosari hiyo.

Chukua mfano wa viluwiluwi vya mbu, ambao mwalimu wa baiolojia wa Tandahimba, Kigoma au Mbagala anaweza kuufanya mvua zikinyesha. Hauhitaji maabara. Unahitaji upawa wenye mpini mrefu, sahani nyeupe na daftari. Wanafunzi hawaingii majini, kwa sababu ya kichocho. Mmoja wa kila kundi huchota akiwa amesimama pembeni na wengine huhesabu kwenye sahani. Viluwiluwi vya Anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Vya Kuleksi huning'inia kwa mshazari, kichwa chini, vikipumua kwa mrija ulio mkiani. Tofauti hiyo huonekana kwa macho. Makundi kumi yakienda kwenye maji ya aina mbalimbali, yaani nyayo za ng'ombe barabarani, mtaro wa maji machafu, tairi kuukuu na karo la wazi, yanarudi na namba ambazo mwalimu mwenyewe hazijui. Kitabu kinasema Anofelesi hupendelea maji masafi yenye jua. Kundi moja linaweza kuwakuta kwenye maji yaliyochafuka, na watafiti nao wamewakuta humo katika miji yetu, Dar es Salaam ikiwamo.

Kazi hii ina faida ambayo hakuna zoezi la bureti linaweza kuitoa: hakuna namba ya kupika. Jibu sahihi halimo kwenye kitini. Kundi likileta tofauti na la jirani, njia pekee ya kumaliza ubishi ni kwenda kuchota tena. Ubishi huo utafanyika kwa Kiswahili, na si jambo dogo kwa mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba kisha akanyamaza alipofika kidato cha kwanza, ambako kila kitu ni Kiingereza. Dimbwini ananyanyua mdomo. Kazi ya kumvusha kuelekea lugha ya mtihani inabaki kwa mwalimu, lakini sasa ana kitu cha kuvusha.

Dakika 80 za vipindi viwili mfululizo zinatosha kwa dimbwi lililo jirani na shule. Kipindi kinachofuata ni cha darasani, na ndicho chenye uzito: jedwali moja la namba zote ubaoni, na swali la kwa nini. Wapo wanaotetea kazi za nje kana kwamba chaki ni adui, na hao sikubaliani nao. Dhana ya moli au muundo wa atomu hutauona kichakani. Huko mwalimu lazima aeleze, tena kwa utaratibu.

Tatizo jingine ni kwamba kazi za nje tulizihamishia kwenye klabu. Malihai Clubs zilianza mwaka 1980, na mwaka 1991 Roots & Shoots ilianza na wanafunzi 12 barazani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam. Zimefanya kazi kubwa ya kuwapeleka vijana kwenye hifadhi na mito. Lakini klabu ni ya Ijumaa jioni na ya wanaopenda. Anayebaki darasani anaendelea kuamini kwamba sayansi ni kile kilicho kwenye notisi. Agizo la mwaka 2012 la kila sekondari ya kata kujenga maabara tatu lilichangiwa na wananchi kwa jasho, na sehemu nyingi jengo lilitangulia vifaa, maji na mtaalamu kwa miaka. Katika miaka hiyo yote ya kusubiri, dimbwi lilikuwepo nje ya uzio.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inazungumzia ujuzi, na hiyo ni nafasi. Walimu wataifuata kadiri mtihani utakavyoifuata, kwa hiyo mabadiliko yaanzie Baraza la Mitihani. Swali moja kati ya mawili ya vitendo litolewe bila orodha ya hatua: mtahiniwa apewe vifaa na tatizo, apange mwenyewe cha kupima na aeleze kwa nini. Mwongozo wa usahihishaji utoe alama kwa kipimo kilichoandikwa kama kilivyopatikana, hata kikipishana na cha msahihishaji, iwapo mtahiniwa ameonyesha vipimo vya marudio na kutaja tofauti inaweza kuwa imetoka wapi. Usahihishaji utachukua muda mrefu zaidi na wasahihishaji watahitaji semina. Baiolojia inaweza kutangulia peke yake, kwa sababu vielelezo vyake vinapatikana karibu na kila shule, huku kemia na fizikia zikiendelea na utaratibu wa sasa hadi tuone namba za kweli zinavyoonekana.